Nawalisha watu mia, mwenyewe nashindia chai

Assalaam alaykum Shangazi,

Mie ni mama wa watoto wanne, miaka 36, kwetu Wete, Pemba, lakini naishi Unguja, huku Fuoni, mwaka wa 11 sasa. Nisamehe barua ikiwa ndefu maana sijapata mtu wa kumwambia haya yote kwa mkupuo, na nnaandika kwenye simu usiku huku nasubiri mbaazi ziive.

Kazi yangu nauza chai ya asubuhi karibu na skuli moja ya hapa mtaani, chapati, vitumbua, mahamri na mbaazi za nazi, mchana napika wali na mchuzi kwa mafundi wa gereji. Kila siku isipokuwa Ijumaa naamka saa tisa za usiku, na kabla ya saa tano za usiku sijawahi kulala. Biashara alhamdulillah inakwenda, watu wanausifu mkono wangu, kuna mzee mmoja anatoka Mwanakwerekwe na baskeli kufuata mbaazi tu. Kwa hiyo usije ukadhani nalia njaa, chakula kipo, nyumba nzima inanuka chakula.

Tatizo ni mie mwenyewe. Tangu Ramadhani iliyopita nimekuwa mtu nisiyemjua. Nalia bila sababu, juzi nimelia kwa sababu hamira haikuumuka. Watoto nawafokea kwa kitu kidogo kisha najuta mpaka tumbo linauma. Nikisimama ghafla nasikia kizunguzungu, moyo unanienda mbio hata nikipanda ngazi tatu za baraza, kucha zinavunjika. Harusi zote za mwaka huu sikwenda, nilisema naumwa. Siku nyengine nalala natamani nisiamke, halafu kengele ya simu inalia saa tisa naamka nakanda unga kama kawaida.

Mume wangu si mtu mbaya, dereva wa daladala, anatoka asubuhi anarudi usiku, akinikuta nalia anakaa kimya tu hajui la kufanya. Mama mkwe tunakaa naye, yeye anasema nina mtu, kanipanda shetani, na ndugu wa mume washamtafuta mganga ambaye anataka 150,000. Wifi yangu yuko Muscat, huyo kanitumia video ya mama mmoja anasema huzuni zote chanzo chake utumbo, ukibadili chakula wiki mbili umepona, na akanishushia orodha: samaki samoni, lozi, blueberry, mafuta ya zeituni, na unga fulani wa kopo sh. 85,000. Tena ati nipike kwa mapenzi kwa sababu kupika kunatuliza akili. Shangazi nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kikageuka kilio.

Ukiniuliza nakula nini naona haya. Alfajiri chai ya rangi na sukari vijiko vitatu. Saa tano chai tena na kipande cha chapati iliyokatika isiyouzika, na hapo mikono huwa ishaanza kunitetemeka. Mchana nikimaliza kuwapakulia watu nakuwa nshakinai kwa harufu, nakwangua ukoko nateremshia na chai. Saa tisa za mchana nakunywa enaji ya chupa ili nifike usiku. Usiku naandaa sinia la mume na mama yake, na la watoto, mie nakula kilichobaki nimesimama, na mara nyingi hakibaki. Chai kwa siku vikombe saba. Kitu pekee nnachokitafuna kwa raha ni mchele mbichi, nikiwa nauchagua kwenye ungo najikuta natia mdomoni, na vipande vya barafu.

Nyengine sijui kama inahusu, lakini baada ya huyu mdogo, ana miaka miwili, niliweka kitanzi cha kupanga uzazi na tokea hapo hedhi imekuwa nzito, siku nane, na mabonge.

Sasa Shangazi niambie, ni kweli chakula kinaweza kumtia mtu huzuni? Na mie nianze wapi, kwa mganga, kwa samoni, au wapi?

Mama wa Mbaazi, Fuoni

---

Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikenda kuanua nguo, nikarudi kuisoma tena kwa sababu ya ule mchele mbichi. Ntaufikia. Lakini kuna mstari umeupitisha haraka katikati ya mengine, kwamba siku nyengine unalala ukitamani usiamke. Nakuuliza wazi, maana kumuuliza mtu hakumtii wazo ambalo hana: umewahi kufikiria kujidhuru? Ikiwa ndio, hata kidogo, usimalize kusoma hapa, mwambie mumeo leo hii, au yeyote unayemuamini, akupeleke kituo cha afya cha karibu, au hospitali ya Mnazi Mmoja, au moja kwa moja Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Najua jina la Kidongo Chekundu linavyowatisha watu, mtu akitajwa kupelekwa pale mtaa mzima unanong'ona, lakini ile ni hospitali na wanaotibiwa pale wanarudi kwao na kwenye kazi zao, wengine unauziwa nao vitu dukani hujui. Na ikiwa si hivyo, ni uchovu tu uliokufikisha hapo, bado utayasema maneno hayo hayo kwa daktari, kama ulivyoniandikia, usiyapunguze.

Sasa mchele. Mie si daktari na ntakayokwambia si badala ya daktari, lakini nimeona wanawake wengi na hii sura naijua. Mtu mzima anayetafuna mchele mbichi na barafu, kizunguzungu akisimama, moyo unakimbia kwa ngazi tatu, kucha zinavunjika, na hedhi ya siku nane yenye mabonge, huyo kabla hujamtafutia shetani mtafutie damu. Mwili ukipungukiwa madini ya chuma huwa unamtamanisha mtu vitu vya ajabu, udongo, barafu, mchele, na mwenyewe huona ni tabia tu. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa, na ubongo nao unakitumia kutengeneza zile kemikali zinazompa mtu hamu na utulivu. Kikipungua huchoki miguu peke yake. Unachoka na roho, unakuwa na hasira za karibu, usahaulifu, kilio, na watu wanasema kabadilika huyu.

Na ulivyosema hujui kama kitanzi kinahusu, kinaweza kuhusu sana. Kile cha shaba kinajulikana kwa wengine kuzidisha hedhi, na damu nzito kila mwezi kwa mtu anayeishi kwa ukoko na chai ni kama kuteka kisima kisichojaa. Kwa hiyo nenda kapime wingi wa damu. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 anahesabiwa kapungukiwa. Waambie kuhusu hedhi, waambie kitanzi, waombe wakuangalie minyoo na kichocho maana navyo vinapunguza damu, na waambie kuhusu mchele, usione haya, daktari ataufahamu zaidi kuliko kilio. Usijinunulie vidonge vya damu dukani kwa kukisia, na kitanzi usikiguse wala usimpe mtu wa mtaani akutolee, kuna njia nyengine za kupanga uzazi ambazo watakupa.

Ndio sasa nije kwenye swali lako. Ndio, chakula kinahusu, ila si kama anavyosema yule mama wa kwenye video. Huko Australia mwaka 2017 walitoa majibu ya utafiti wa watu 67 waliokuwa na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka. Nusu walipewa mtaalamu wa kuwasaidia kubadili chakula, mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, na nusu walipewa mtu wa kukaa nao kuzungumza. Baada ya wiki 12 karibu theluthi ya wale wa chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, na kwa wale wengine ni 8 kwa mia. Si kitu kidogo hicho. Lakini sikiliza na upande wa pili ambao kwenye video haukutajwa: watu 67 ni wachache, wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu, dawa au mshauri, na hawakuambiwa waache, na ni wiki 12 si mbili. Na jengine lililonifurahisha mie mpika mchuzi wa siku zote, kile chakula kiliwatoka rahisi kuliko walichokuwa wakila kabla.

Kwa hiyo hiyo samoni mwache kule kwao kwenye maji baridi. Mafuta mazuri ya samaki anayoyasifia wifi yako yamo kwenye vibua na dagaa, hao hao dagaa tunaowachemsha na kuwaanika ufukweni halafu tunawapakia kwenda bara na Kongo, wenyewe tukiwaona chakula cha shida. Lozi zake ni njugu zako. Kunde, choroko, mbaazi, mchicha, tembele, kisamvu, bamia, muhogo, shelisheli, machungwa, hebu niambie kipi kati ya hivyo hukijui bei yake sokoni Mwanakwerekwe. Lile kopo la 85,000 sitalisemea sana, nunua maini nusu kilo na ndimu, pesa itakayobaki kalipie mtu wa kukusaidia kusukuma chapati.

Chai yako sasa, na hapa ntakukera. Chai ina kitu kinachokishika chuma cha kwenye mboga na kunde humo humo tumboni kisiingie kwenye damu, na weye kila tonge unaliteremshia na chai. Hata ungekula mchicha shamba zima. Sikwambii uache, Mpemba na chai nani atawatenganisha, nakwambia iache chai mbali na chakula saa nzima, kabla na baada. Na ndimu inafanya kinyume chake, inakisaidia chuma kipite, ndio maana mchicha kwa ndimu, dagaa kwa ndimu na tungule, kipande cha embe baada ya kunde, si utamu peke yake. Halafu hesabu sukari. Vikombe saba mara vijiko vitatu ni 21, na Shirika la Afya Duniani wanasema ni bora mtu asipite kama gramu 25 kwa siku, vijiko sita hivi, na hapo enaji sijaihesabu. Chai tamu tumbo tupu inapandisha sukari ya damu haraka na inashuka haraka, kule kutetemeka kwako saa tano huenda ndiko huko, na mtu anayetetemeka kwa njaa akija mtoto kumwaga maji humfokea kama kaua mtu.

Enaji ndiyo sitaki hata kuisikia. Ile kafeini ukiinywa saa tisa za mchana, nusu yake bado unayo mwilini saa mbili za usiku, na weye moyo wako tayari unakimbia wenyewe kwa sababu nyengine.

Usingizi je? Saa tano mpaka saa tisa ni saa nne. Hapa sitakudanganya mwanangu, hakuna kibua anayeweza kuulipia huo usingizi. Ungenambia uchague kimoja tu cha kubadili mwezi huu, baada ya kupima damu, ningekwambia lala. Unga wa chapati ukande jioni ukae, mbaazi uziroweke tangu mchana zitaiva upesi na utaokoa mkaa, vitumbua mchanganyiko wake unaumuka usiku bila ya weye kuutazama. Na mahamri yaache kwa muda, au yapikwe siku mbili kwa wiki, wateja watanung'unika kidogo watazoea. Kuna mtoto hujaniambia umri wake, lakini miaka 11 uko Fuoni na una wanne, basi lazima yupo mkubwa anayeweza kukuna nazi. Hata akiwa mwanamume. Khasa akiwa mwanamume.

Hayo ya kupika kwa mapenzi ndiyo yaliyonichekesha kama weye. Sisemi ni uongo. Mie nilipofiwa na mama yangu nilikaa miezi nakula mkate na chai, sikuona maana ya kuwasha jiko kwa mtu mmoja, na siku niliyopika muhogo wa nazi kwa nguvu tu, kule kukuna, kulichuja tui, harufu, kitu kilirudi. Lakini mie nilikuwa sipiki. Weye unapika tangu saa tisa za usiku, umwambie mtu wa hivyo kupika ni dawa ni sawa na kumwambia mchukuzi wa bandarini akabebe gunia apumzike. Dawa yako ni kupikiwa. Wazee wetu walilijua hili ndio maana nyumba ya msiba hawaiachi iwashe jiko, majirani wanaleta uji na sinia limefunikwa kawa. Na Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa akifiwa na jamaa alikuwa akiamuru ipikwe talbina, ule uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alisema unautuliza moyo wa mgonjwa na unaondoa baadhi ya huzuni. Angalia vizuri, uji unapikwa na mwengine, mwenye huzuni yeye anakunywa.

Kwa hiyo Ijumaa ambayo huuzi, na jikoni usiingie. Apike mumeo au mama mkwe, wakiunguza waunguze. Mama mkwe naye usimchukie kwa maneno ya shetani, ana wasiwasi nawe na hilo ndilo jina analolijua. Mwambie kisomo kiendelee nyumbani, Qur'an na dua havigombani na kipimo cha damu, na tumeamrishwa kutafuta dawa. Mganga wa 150,000 huyo asubiri mpaka majibu ya damu yatoke, tuone kama atabaki na kazi. Mumeo naye anayekaa kimya mpe kazi, wanaume wengine kimya chao ni kwamba hawajaambiwa washike wapi. Mwambie siku ya kupima twende wote, asimamishe gari asubuhi moja.

Na majibu ya damu yakiwa mazuri, au ukatibiwa damu ikapanda na bado baada ya wiki kadhaa unalia na huna hamu, usiseme basi ni shetani kweli. Rudi uwaambie. Sonona ina matibabu yake, ya mazungumzo na ya dawa, na ukipewa dawa usiiache kwa sababu umeanza kula mbaazi.

Mbaazi zenyewe ndio nilitaka nimalizie. Chakula chako kinapita mikononi mwako tangu alfajiri hakifiki mdomoni, na usiku kwenye sinia weye ndiye wa mwisho, umesimama. Kesho zikiiva, kabla hujafungua kibanda, pakua sahani yako ya kwanza, mbaazi na kibua cha kukaanga au dagaa, kipande cha ndimu, maji, chai baadaye. Kaa kwenye kigoda. Usile huku unageuza chapati. Najua utasema wateja washafika, na yule mzee wa baskeli tayari yuko mlangoni na bakuli lake.

Atangoja. Katoka Mwanakwerekwe kwa ajili ya mbaazi zako, dakika kumi hatoshindwa.